Pumzi Kabla ya Swali

Kaseti ilikuja imefungwa kwa gazeti lililonuka mafuta ya taa.
Mjukuu wa fundi cherehani wa Igogo
aliiweka kwenye meza yangu pale Makoroboi,
katikati ya simu zilizopasuka vioo.
"Ihamishie kwenye fleshi," akasema. "Bibi anaidai kila Jumapili."

Nilidhani ni kwaya.

Ilikuwa mvua kwanza, mvua juu ya bati la studio,
kisha gitaa lenye waya mmoja uliolegea,
kisha wewe, Bi Nyangeta, mwaka sijui wa ngapi:

     Nyanjura ndugu yangu, nguo ziko kambani,
     wingu limeshafunga, nani wa kuanua?

Basi. Beti nne, zote zinarudi kwenye kamba ile.
Na kabla ya "nani", kila mara, ulivuta pumzi
kama mtu anayejitwisha ndoo bila kujua uzito wake.

Usiku ule umeme ulikatika Mabatini saa nne.
Nikabaki na betri ya kompyuta na sauti yako masikioni.
Nilipima mwendo: mapigo sitini kwa dakika,
mwendo wa mtu aliyekaa kwenye jamvi, miguu ameinyoosha.
Sikukukimbiza. Mungu shahidi, sikukugusa hata silabi.
Nilichofanya ni kutia teke moja la ngoma
kati ya kila mapigo yako mawili.
Nafasi ilikuwepo. Msiba wako ulikuwa na vyumba vitupu
na mimi niliingia na viatu.

Ukumbini Kirumba, Ijumaa ya kwanza, walinizomea.
Jamaa mmoja alibeba bia yake akatoka nje, akisema hii ni ya matanga.
Ijumaa ya pili dada mmoja wa kiwanda cha minofu,
harufu ya sangara bado iko nyweleni,
alicheza peke yake, macho amefumba, mpaka mwisho.
Ijumaa ya tatu sikumbuki nani alianza.

Nyimbo za furaha nilizopiga mwaka ule
zilikwisha kama soda iliyoachwa wazi.
Wako ulibaki.
Wameukatia keki Nyegezi, wameuchezea ubatizo Ilemela,
kuna mwendesha bodaboda wa Pasiansi ameufanya mlio wa simu
na hajui kwamba kila anapopigiwa, mtu analia.
Au anajua. Mimi siku hizi siapi.
Mwili, nimeona, hauzunguki muda mrefu
pasipo kitu kizito katikati.

Halafu ukaja mwenyewe,
na mkoba wa ukili, na miwani iliyofungwa uzi.
"Wewe ndiye unayewachezesha watu matanga yangu?"
Nikakupa kiti. Nikakuvisha hedifoni juu ya kilemba.
Ukasikiliza kama daktari.
Uso wako haukusema kitu, ila chini ya meza
kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimeshaitika.
Hela ulizipokea, ukazihesabu mara mbili.
Ulipofika kizingitini ukageuka:
"Pale kwenye jina lake, nyamazisha ngoma.
Nyanjura hakupenda kupigiwa kelele."

Kwa hiyo sasa kuna shimo pale, sekunde moja na kidogo,
na ukumbi mzima, watoto ambao hawajawahi kuishika kaseti,
hulijaza kwa kulitaja jina wenyewe, tena kwa sauti.
Unisamehe. Hilo sikuliweza.

Kisha inafika pumzi yako.
Taa huwa nazizima kwenye pumzi yako.
Mikono mia nne inapanda gizani, vidole wazi,
na ukisimama mlangoni kama nilivyosimama jana,
radi ikitembea upande wa Ukerewe,
utaapa wanaanua nguo.